Lindo

Basi lilitushusha saa nne na nusu mbele ya geti
lisilo na lango, nguzo mbili tu za mawe zilizoota kuvu.
Baba alivaa koti la harusi ya kaka yangu.
Sikumuuliza. Mtu haulizwi nguo
siku anayorudi mahali alipowahi kushika bunduki.

Ignacy, mpwa wangu wa miaka tisa,
alitaka kujua kama kasri lina mizimu.
Kasri liko ng'ambo, nikamwambia, Ujerumani,
lile jekundu, linajitazama bwawani
kama mtu anayejaribu kofia.
Huku Polandi tumebakiwa na miti.

Na miti, jamani!
Tajiri mmoja, enzi za magari ya farasi,
alipanda yote haya akijua hatayaona yakikua,
akazikunja njia ili kila kona
ikufiche kitu, kisha ikupe.
Miaka ikapita, ikaja vita, na baada ya vita kalamu.
Kalamu iliteremka na mto Nysa:
benchi likabaki huku,
mandhari yake kule.

Baba hakusoma kibao hata kimoja.
Alikuwa akihesabu mialoni kwa midomo.
Wa saba akasimama, akapapasa gome
kama daktari atafutaye mshipa.
"Hapa nilipigilia msumari, mwaka sitini na tisa,
wa kutundika chupa ya chai. Koplo Rzepka angeniona,
ningelala ndani siku tatu."
Msumari hakuna. Kuna kovu,
mdomo uliofumbwa.
"Umeumeza," Ignacy akasema, kwa heshima.
Baba akacheka, kisha akanyamaza
muda mrefu kuliko kicheko kinavyodai.

Miezi kumi na minane, usiku kwa usiku,
aliyalinda maji haya yasiyofika kiunoni.
Amri: asivuke mtu. Hakuvuka mtu.
Alivuka nguruwe mwitu na watoto sita.
Na kila Jumamosi, kutoka gizani kule,
ulivuka mluzi wa mtu asiyemwona,
wimbo uleule, ukikosewa palepale.
"Nilitamani kumsahihisha," alisema.
"Lakini mluzi lindoni ni kosa."

Siku hizi kuna daraja.
Wanapita wakimbiaji, mbwa, mama na kigari cha mtoto,
hakuna anayedai karatasi.
Baba alilitazama. "Nimeona. Inatosha."
Tukala mkate na mayai upande wetu,
akanywa chai vikombe vitatu,
na chai ndiyo iliyomponza:
vyoo vya upande wetu vilikuwa na kufuli
na tangazo la matengenezo lililofifia kwa jua.

Haja haina uraia.
Alivuka mbio, koti likipepea nyuma,
Ignacy akihesabu kwa sauti: hatua themanini na tatu.

Kule, mama mwenye miwani alitaka senti hamsini.
Baba alikuwa na zloti tu, kiganja kizima,
akazinyoosha kama mtoto aliyetumwa dukani.
Mama akamtazama usoni, akamtazama magotini,
akausukuma mlango kwa mguu
na kurudi kwenye soksi aliyokuwa akiifuma.

Alipotoka, mikono ingali inadondosha maji,
alisimama ukingoni kama abiria
aliyeshuka kituo kisicho chake.
Akapiga mluzi. Taratibu, wimbo wote,
na pale palipokosewa akapapitisha sawa.
Mama hakuinua macho. Bata wawili waliruka.

Tulirudi polepole. Katikati ya daraja Ignacy akauliza,
"Babu, hapa tulipo ni wapi?"
Baba akachungulia kati ya mbao.
"Hapa? Hapa kuna baridi. Twende."

Kwenye basi alisinzia kabla hatujatoka kijijini.
Nilimvua koti lisikunjamane
nikahisi kitu kizito mfukoni:
msumari mpya, mrefu,
bado una mafuta ya dukani.